Dhamana kwa Wafungwa wa Kisiasa Uskoti, 1580–1720: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Uskoti tangu enzi za James VI hadi maasi ya 1715. Kuna jambo moja la kushika mapema, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Katika kesi za kisiasa za Uskoti, dhamana ilikuwa ndiyo mwisho wa safari kwa watu wengi. Mtu alikamatwa, akawekwa ndani bila mashtaka, akatoka kwa hati ya dhamana, na hakuitwa mahakamani maisha yake yote. Hati ndiyo iliyobaki kumchunga.

Dhamana ya wakati huo ilifanyaje kazi?

Mfungwa alitafuta mdhamini mwenye mali. Mdhamini alitia saini hati kwamba fulani ataachiwa, atashika sharti hili na lile, na asiposhika yeye mdhamini atalipa kiasi kilichotajwa. Siku ya kuachiwa hakuna fedha iliyowekwa mezani kwa ajili ya dhamana, ingawa mfungwa alitakiwa kumalizana kwanza na askari jela kwa ada zake na gharama za kukaa humo, jambo lililowakwamisha wengine ndani hata baada ya amri ya kuwatoa kufika.

Makali ya hati yalikuwa kwenye kuandikishwa. Iliingizwa katika daftari za Baraza la Mfalme mjini Edinburgh, chombo ambacho kilikuwa serikali na mahakama kwa pamoja. Ikishaingizwa humo ilikuwa na nguvu ya hukumu iliyokwisha kutolewa. Sharti likivunjwa, mdhamini hakupewa nafasi ya kuanza kubishana upya kama anadaiwa au hadaiwi. Akikaidi kulipa, tarishi wa serikali alisimama penye Msalaba wa Soko, mahali pa matangazo ya mji, akapiga baragumu mara tatu na kumtangaza kuwa mwasi, na mali yake yote inayohamishika ikawa halali ya mfalme. Ndiyo maana wadhamini wenye akili walidai hati ya pili kutoka kwa mfungwa mwenyewe, ya kuwarudishia chochote watakachotozwa.

Msomaji aliyewahi kwenda kituoni na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa kumtoa ndugu yake ataitambua sura ya jambo hili. Tofauti ni kwamba dhamana ya leo humsubirisha mtu kesi yake, na Uskoti mara nyingi hapakuwa na kesi ya kusubiri.

Masharti yalikuwa yapi?

Kufika mbele ya Baraza siku atakayoitwa ndilo lililokuwa la kawaida kabisa, na siku yenyewe mara nyingi haikutajwa. Mengine: kuishi kwa amani, kutotoka nje ya parokia au ya ardhi yake mwenyewe, kutokaribia mji fulani, kutohudhuria ibada zilizopigwa marufuku, kutowasiliana na waasi, au kuondoka nchini na kutorudi bila kibali. Hilo la mwisho ni uhamisho uliovikwa nguo ya dhamana.

Kwa nini serikali isiwapeleke tu mahakamani?

Kwa sababu kesi ilikuwa na hatari kwa pande zote mbili. Baraza la wazee wa mahakama lingeweza kukataa kumtia mtu hatiani, na likikataa, mtu huyo alitoka akiwa na nguvu kuliko alivyoingia. Kumnyonga mkuu wa ukoo nako kulimwachia mfalme kisasi cha kurithiana. Kumweka ndani miaka mingi kulihitaji magereza, na Uskoti haikuwa nayo ya maana: kulikuwa na ngome chache za mfalme kama Edinburgh, Stirling, Dumbarton na Blackness, na majumba ya mji yaliyokuwa jela, ofisi ya ushuru na ukumbi wa mikutano chini ya paa moja. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki hapakuwa pia na jeshi la kudumu la kutisha mtu.

Kilichokuwepo kwa wingi ni ukoo, ukwe, upangaji wa ardhi na deni. Serikali ilifunga watu kwa kamba hizo kwa kuwa ndizo ilizokuwa nazo. Mwaka 1587 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka wenye ardhi wa mpakani mwa Uingereza, wa Nyanda za Juu na wa Visiwani watoe dhamana kwa ajili ya wapangaji na watu wao. Mpangaji akiiba ng'ombe au akichoma nyumba, mwenye ardhi analipa. Mfalme hakumjua mwizi wala hakuwa na haja ya kumjua.

Nani aliitwa mfungwa wa kisiasa?

Watu wa zama hizo hawakulitumia jina hilo. Hapa tunamaanisha waliofungwa kwa sababu ya msimamo wao juu ya mfalme, Bunge au uongozi wa kanisa: wakuu wa koo waliokataa amri za Edinburgh, makabaila Wakatoliki, wahubiri Wapresbiteri waliowakataa maaskofu, na baada ya 1689 Wajakobaiti, yaani wafuasi wa James VII, mfalme aliyepinduliwa, na wa uzao wake. Katika Uskoti ya karne ya 17 kutenganisha dini na siasa ni kazi bure.

Ni kweli kwamba wakuu wa koo walikamatwa kwa kualikwa kusikiliza mahubiri?

Ndiyo. Mwaka 1608 Lord Ochiltree alitumwa na James VI kwenye visiwa vya magharibi akiwa na meli na askari. Huko Mull aliwaalika wakuu wa koo kupanda melini, na Askofu Andrew Knox akawahubiria. Walipomaliza kusikiliza waliambiwa kwamba wao ni wafungwa. Wakatawanywa katika ngome za Dumbarton, Blackness na Stirling.

Mwaka uliofuata wakaanza kuachiwa, kila mmoja kwa dhamana na kwa ahadi ya kumsaidia askofu yuleyule aliyewahubiria. Matunda yake yakawa Kanuni za Iona za Agosti 1609, ambamo wakuu tisa walikubali, pamoja na mengine, kuwapeleka watoto wao wakubwa kusoma Nyanda za Chini. Wanahistoria wa leo hubishana kama kanuni hizo zilikuwa za kulazimishwa au za maelewano. Ubishi huo una maana, lakini ni vigumu kuita maelewano ya hiari karatasi uliyoitia saini ukitoka ngomeni huku wadhamini wako wakiwa wameshikwa.

Mwaka 1616 kamba ikakazwa. Wakuu walitakiwa kufika mbele ya Baraza kila mwaka na kutoa wadhamini wapya. Safari ya kwenda Edinburgh, miezi ya kukaa huko ukisubiri kuonwa, mavazi ya mjini na mawakili vilikula fedha, na madeni ya koo nyingi za Visiwani yalianza kupaa kipindi hiki.

Viwango vya fedha vilikuwaje?

Hesabu nyingi zilifanywa kwa merki. Merki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni ya Uskoti, na pauni 12 za Uskoti zilikuwa sawa na pauni 1 ya Uingereza. Kwa hiyo dhamana ya merki 5,000 ilikuwa kama pauni 277 za Uingereza. Kwa mwenye shamba la kati hiyo ni fedha ya kumfilisi, na kwa mhubiri wa kijijini ni fedha ambayo asingeiona maishani.

Sheria ya 1670 ilisema nini juu ya wahubiri?

Baada ya Charles II kurudi kwenye kiti mwaka 1660, maaskofu walirudishwa na mamia ya wachungaji Wapresbiteri wakatoka makanisani. Wao na waumini wao, Watu wa Agano (walioshika Agano la Kitaifa la 1638, kiapo cha kulitetea kanisa lao), waliendelea kuabudu majumbani na milimani. Sheria ya 1670 iliweka kifo kwa atakayehubiri katika mkutano wa nje. Aliyehubiri ndani ya nyumba alifungwa hadi atoe dhamana ya merki 5,000 kwamba hatarudia, au ajifunge kwa maandishi kuondoka katika ufalme. Mchungaji aliyeamini kwamba Mungu amemwita kuhubiri hakuweza kutia saini kutohubiri, na marafiki wenye mali walisita kumdhamini mtu waliyejua atavunja sharti Jumapili ijayo.

Nimesoma kwamba mfalme alidai dhamana kwa kuwa anawaogopa raia wake. Ilikuwaje?

Uskoti ilikuwa na njia ya kisheria, ya zamani sana, iliyomruhusu mtu anayemwogopa jirani yake kwenda mahakamani akaapa kwamba anahofia maisha yake. Jirani akalazimishwa kutoa dhamana ya kutomdhuru yeye, mkewe, watumishi wake na mali yake. Ilikuwa dawa nzuri ya ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Mwezi Agosti 1677 Baraza, chini ya Duke wa Lauderdale, liliwataka wenye ardhi wa magharibi watie saini hati ya kubeba lawama kwa wake zao, watoto, watumishi na wapangaji wao wote wasihudhurie ibada za milimani. Wengi walikataa, wakasema hawawezi kudhamini miguu ya mtu mzima anayekwenda kusali. Inasimuliwa na watu wa zama hizo kwamba Lauderdale alikunja mikono ya nguo hadi juu ya kiwiko mbele ya Baraza, akaapa kwa jina la Yehova kwamba atawafanya watie saini. Mwanzoni mwa 1678 jeshi la watu kama 8,000, wengi wao kutoka Nyanda za Juu, likapelekwa Ayrshire na jirani zake kula na kulala katika nyumba za wakaidi.

Hata hivyo saini hazikutosha. Ndipo Februari 1678 Baraza likaichukua ile dawa ya majirani: mfalme mwenyewe akafanywa mlalamikaji anayehofia amani yake, na raia wake wa magharibi wakaamriwa watoe dhamana ya kutomdhuru, adhabu ikiwa mara mbili ya thamani ya mapato ya ardhi yao kwa mwaka. Mfalme mwenye jeshi kubwa majumbani mwa watu anawashtaki wenye nyumba kwamba anawaogopa! Mawakili wa serikali waliona ni jambo lenye mantiki kamili.

Earl wa Cassillis alikataa akisema hati hiyo haina msingi wa sheria yoyote iliyopitishwa na Bunge. Akatangazwa mwasi, akaenda London kulalamika kwa mfalme ana kwa ana, ingawa Baraza lilikuwa limekataza watu wa hadhi yake kutoka nchini. Si yeye peke yake. Duke wa Hamilton naye alikwenda. Charles hakuwapa haki waliyoitaka, lakini jeshi liliondolewa.

Bass Rock ilikuwa nini?

Ni mwamba mrefu unaochomoza baharini karibu na North Berwick, makao ya maelfu ya ndege. Serikali iliununua mwaka 1671 kutoka kwa Sir Andrew Ramsay, mkuu wa jiji la Edinburgh, kwa pauni 4,000 za Uingereza, bei ambayo hata wakati huo ilionekana ya kupeana, na ukafanywa jela ya wahubiri. Mfungwa wa Bass alipata dhamana kwa kuandikia Baraza ombi, na kwa kawaida ombi lilisindikizwa na cheti cha daktari au kabaila wa kumsemea. Julai 1679, serikali ilipolegeza kamba kwa muda, wahubiri kadhaa waliachiwa, James Fraser wa Brea akiwa mmojawapo. John Blackadder hakubahatika. Aliingia mwambani 1681, afya ikamharibikia, maombi ya kumtoa yakapelekwa, naye akafa humohumo mwanzoni mwa 1686.

Mhubiri maarufu Alexander Peden naye alikaa Bass miaka kadhaa. Mwishoni mwa 1678 yeye na wengine wapatao 60 waliamriwa kuhamishiwa mashamba ya Marekani. Walifikishwa London kwa meli, lakini nahodha aliyetakiwa kuwavusha bahari alipojua kwamba si wezi bali ni watu wa dini, akakataa kuwabeba. Wakaachiwa wakarudi kwao bila hati wala mdhamini.

Kwa nini wafungwa wa Greyfriars walikataa kutoka wakati mlango ulikuwa wazi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Tarehe 22 Juni 1679 Watu wa Agano walishindwa vitani Bothwell Bridge. Wafungwa wapatao 1,200 walitembezwa hadi Edinburgh, na kwa kuwa jela hazikutosha, waliwekwa kwenye kiwanja cha wazi kilichopakana na makaburi ya kanisa la Greyfriars. Ni katika kanisa hilohilo Agano la Kitaifa lilianza kutiwa saini tarehe 28 Februari 1638, miaka 41 nyuma. Walilala chini ya mbingu tupu, kwa mkate kidogo, wakichungwa na askari walioambiwa kwamba mfungwa akitoroka wao ndio watakaojibu.

Duke wa Monmouth, aliyewashinda vitani, alipenda wahurumiwe. Wengi walipewa nafasi ya kutoka kwa kutia saini hati: kwamba hawatachukua tena silaha dhidi ya mfalme au mamlaka yake. Hapakuhitajika tajiri wa kuwadhamini. Nafsi zao ndizo zilizokuwa rehani. Mamia walitia saini wiki za mwanzo.

Wengine wakagoma. Hati ilisema, kwa namna ilivyoandikwa, kwamba kilichofanyika Bothwell kilikuwa uasi. Kuitia saini ni kukiri kosa, na zaidi ni kuwahukumu wenzao waliouawa kwamba walikufa wakiwa wahalifu. Ilikuwa pia ni kutupa kiapo cha Agano, ambacho kwao kiliapwa kwa Mungu na hakuna Baraza linaloweza kukifuta. Wachungaji waliokuwa nje walitofautiana vikali. Wengine waliwaandikia wafungwa kwamba hati haina dhambi, wengine kwamba ni usaliti. Ndani ya kiwanja ndugu waligeukana. Kuna waliotia saini mchana na kujuta usiku, na kuna waliokataa kwa miezi kisha wakakubali baridi ilipoanza.

Mnamo Agosti wachungaji wawili, John King na John Kid, walinyongwa. Wafungwa watano walinyongwa Novemba huko Magus Muir, mahali alipouawa Askofu Mkuu Sharp mapema mwaka ule, ingawa hawakuhusika na mauaji hayo. Waliobaki, karibu 250, walipandishwa meli iitwayo Crown of London, wapelekwe makoloni kama watumwa wa mkataba. Tarehe 10 Desemba 1679 meli ilipigwa na dhoruba ikavunjika kwenye miamba ya Deerness, visiwa vya Orkney. Milango ya chini ilikuwa imefungwa. Kama 200 walizama na 50 hivi wakaokoka.

Kwa hiyo walioona hati kuwa kipande cha karatasi walirudi mashambani kwao, na walioichukulia kwa uzito uleule ambao serikali iliidai wakaishia baharini. Mimi huwa nashindwa kuwaita wakaidi. Serikali yote ilisimama juu ya dhana kwamba saini ya mtu inamfunga kweli, nao waliamini hivyohivyo.

Na wale wa Dunnottar?

Mwaka 1685, Earl wa Argyll alipotua na jeshi kuupinga utawala wa James VII, Baraza lilihofia wafungwa wa Edinburgh wasije wakakombolewa. Watu 167, wanaume 122 na wanawake 45, walisukumwa hadi ngome ya Dunnottar karibu na Stonehaven na kusongamanishwa katika chumba kimoja cha chini. Waliokubali kula kiapo cha kumtambua mfalme kuwa mkuu wa mambo yote waliachiwa kwa masharti. Waliokataa walipewa George Scot wa Pitlochie, aliyekuwa akikusanya watu wa kuhamia New Jersey.

George Scot mwenyewe alikuwa amewahi kufungwa Bass Rock kwa kuhudhuria ibada zilezile, akatoka kwa dhamana. Uhuru wake wa mwisho aliupata kwa kuahidi kwenda Marekani na kuchukua wengine. Meli yake, Henry and Francis, iliondoka Septemba 1685, homa ikaingia, na watu wapatao 70 wakafa njiani, yeye na mkewe wakiwemo.

Wanawake walidhaminiwaje?

Mke hakuwa na mali inayojitegemea machoni pa sheria, hivyo serikali ilimshika mume. Hapo ndipo ilipojikwaa, maana waume wengi walikuwa watu wa kanisa la serikali na wake zao ndio waliopanda milimani kusali. Kabaila aliyeketi Barazani asubuhi angeweza kutozwa faini jioni kwa Jumapili ya mkewe.

Mapinduzi ya 1689 yalimaliza mambo haya?

Kwenye karatasi, ndiyo. Tamko la Haki la tarehe 11 Aprili 1689 lilitaja kwa jina yale ya 1678: kwamba kuwadai raia dhamana kwa lalamiko la mfalme, na kuwatwisha hati bila idhini ya Bunge, ni kinyume cha sheria. Likasema pia kwamba kumfunga mtu bila kueleza sababu, na kuchelewesha kesi yake, ni kinyume cha sheria.

Kisha waliofungwa jana wakashika funguo. Earl wa Perth, aliyekuwa Chansela wa James VII na mmoja wa waliowatia Watu wa Agano kwenye vyuma vya kubana vidole, alikamatwa Desemba 1688 akikimbia kwa bahari, inasimuliwa akiwa amevaa nguo za kike. Akakaa ngome ya Stirling hadi katikati ya 1693. Hakushtakiwa. Aliachiwa kwa hati ya kuondoka nchini, adhabu ikiwa pauni 5,000. Henry Neville Payne, Mwingereza mtunga tamthilia aliyeshukiwa kula njama ya kumrudisha James, aliteswa Edinburgh Desemba 1690, hakusema kitu, akaachwa gerezani karibu miaka 10 bila kesi. Utesaji wake ndio wa mwisho wa kisiasa tunaoujua Uskoti.

Sheria ya 1701 ilibadilisha nini?

Mengi, na ndiyo sheria ya kuikumbuka. Ilipitishwa mwanzoni mwa 1701, nchi ikiwa na hasira ya kuporomoka kwa Darien, koloni la Uskoti huko Amerika ya Kati, na Bunge likiwa halina hamu ya kumbembeleza mfalme. Mtu hawezi kufungwa kwa kosa bila hati ya maandishi yenye kutaja sababu, na nakala apewe. Kosa lisilo na adhabu ya kifo lina haki ya dhamana, na hakimu aliyepelekewa ombi apange kiwango ndani ya saa 24. Viwango viliwekewa dari kwa hadhi: merki 6,000 kwa kabaila, 3,000 kwa mwenye ardhi, 1,000 kwa muungwana mwingine au mfanyabiashara wa mji, 300 kwa mtu wa kawaida.

Sasa angalia tundu. Uhaini ulikuwa na adhabu ya kifo, kwa hiyo mfungwa wa kisiasa hasa, yule aliyeshtakiwa uhaini, hakupata haki ya dhamana. Alichopata ni saa ya kuhesabia. Angeweza kuitaka serikali impangie siku ya kesi ndani ya siku 60, na kesi mahakama kuu imalizike ndani ya siku 40 baada ya hapo. Serikali ikishindwa, anatoka. Ikimkamata tena kwa kosa lilelile, ina siku 40 tu. Jumla ni siku 140. Payne angetoka kabla ya kiangazi cha 1691.

Je, hii ndiyo habeas corpus?

Hapana. Ile, yaani amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mahakamani na kueleza sababu, ni ya Uingereza, na sheria yake ya 1679 haikuvuka mpaka. Muungano wa 1707 kati ya nchi hizo mbili uliiachia Uskoti sheria zake.

Nini kilitokea mwaka 1708?

Machi 1708 meli za Ufaransa zilifika mlango wa Forth zikiwa na mwana wa James VII, zikafukuzwa bila kutua. Serikali ya London ikasimamisha kinga za kisheria, ile ya 1701 ikiwemo, na kukamata makabaila na wenye ardhi wengi wa Uskoti. Orodha ilikuwa ya ajabu. Alikuwemo Andrew Fletcher wa Saltoun, aliyepoteza ardhi yake kwa kumpinga James. Alikuwemo Lord Belhaven, aliyepigana vita vya Killiecrankie upande wa William, mfalme aliyechukua kiti cha James. Kosa la wawili hawa lilionekana kuwa ni kuupinga Muungano kwa sauti kubwa.

Wengi walisafirishwa London, na huko dhamana ikawa bidhaa. Juni ule Uskoti ilikuwa ichague makabaila 16 wa kuingia Bunge jipya. Duke wa Hamilton wa wakati huo (si yule wa 1678), mfungwa naye, alipatana na chama cha Whig: wafungwa watolewe kwa dhamana, naye na marafiki zake wawape Whig kura. Milango ikafunguka. Belhaven alitoka kwa dhamana, akafa London tarehe 21 Juni kabla hajaiona nyumba yake. Wenye ardhi watano wa Stirlingshire, ambao hawakuwa na kura ya kabaila ya kuuza, walifikishwa mahakamani Edinburgh mwezi Novemba. Mahakama ikaona haijathibitika. London ilikasirika kiasi kwamba muda si mrefu sheria ya uhaini ya Uskoti ilifutwa na ya Uingereza ikawekwa mahali pake.

Dhamana iliwahi kuleta vita?

Ilisaidia. Tarehe 30 Agosti 1715 sheria mpya iliwaita kwa majina washukiwa wa Ujakobaiti, Rob Roy MacGregor akiwemo, wafike Edinburgh watoe dhamana ya mwenendo mwema. Wachache mno waliitika, nao wakawekwa ndani. Waliobaki walipiga hesabu: ukienda unafungwa, usipokwenda unatangazwa mwasi. Tarehe 6 Septemba Earl wa Mar aliinua bendera Braemar, na baadhi ya waliotajwa katika orodha walikuwa tayari upande wake.

Naweza kuona nini leo?

Greyfriars kuna sehemu yenye geti iitwayo jela ya Watu wa Agano. Ni kipande tu cha kiwanja cha 1679. Sehemu kubwa imejengwa, na makaburi yenye paa yanayoonekana humo ni ya baadaye. Katika uwanja huohuo amezikwa Sir George Mackenzie, mwanasheria mkuu aliyewashtaki wengi wao. Dunnottar unaweza kuingia chumba chenyewe, na Deerness kuna mnara wa 1888 juu ya miamba.

Kuna kilichobaki katika sheria za Uskoti?

Saa ya 1701 haikusimama. Mwaka 1887 ilipunguzwa kuwa siku 110 kwa mfungwa anayesubiri kesi kubwa, na sheria ya mwaka uliofuata ikafanya makosa yote yadhaminike isipokuwa mauaji na uhaini. Mwaka 1980 dhamana ya fedha iliondolewa kwa kesi karibu zote, masharti yakabaki. Sheria ya 2004 ikarudisha siku 140 kuwa kikomo cha kesi ya mahakama kuu kwa aliye mahabusu.